Taa Zilizowaka Ukunguni

Mpakani mwa Ujerumani, upande wa Polandi
3 Septemba 2023

Dada Feliciana,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, miguu juu ya dashibodi. Leo Jumapili, na huku malori hayaruhusiwi kutembea Ujerumani siku ya Jumapili, kwa hiyo tumepangwa hapa mpakani kama ng'ombe wanaosubiri josho. Uliniambia niandike kwa sababu kwenye simu nakukimbia. Sikukimbii, dada, ni mtandao. Lakini haya, karatasi hii hapa, haina mtandao wa kusingizia.

Mama goti linaendeleaje? Mwambie asiende shambani asubuhi kabla baridi ya Njombe haijapungua, ingawa najua hatasikia. Mpwa wangu Brightness amejiandaa na mtihani wa kidato cha nne? Na gesti, lile tangi la maji limerekebishwa, au wageni bado wanaoga kwa ndoo? Mdogo wetu Praygod najua yupo, bado anabeba viazi na ile Canter ya watu. Msalimie.

Sasa nikueleze barabara, maana uliniuliza. Ni pana, imegawanyika katikati, haina baiskeli, haina mbuzi, haina mtu anayekukimbilia dirishani na mahindi ya kuchoma. Unaweza kutembea tangu asubuhi hadi mchana hujagusa honi. Honi huku ni tusi. Wanasemezana kwa taa.

Wiki ya kwanza nilipita lori moja la Lithuania. Ile kumaliza kulipita tu, likaniwashia taa kubwa mgongoni. Kwetu ukiwashiwa full kutoka nyuma, mtu amekasirika. Ukiwashiwa na anayekuja mbele, kuna trafiki kwenye kona. Nikamuuliza Kornelio, aliyekuwa mbele na lori lake, redioni, "Nimemkosea nini huyu?" Kornelio akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Anakwambia mkia wako umeshampita, rudi njia yako." Kumbe mwenye lori refu haoni vizuri mkia wake, basi yule aliyepitwa anamsaidia. Na wewe ukisharudi, unamwashia indiketa kushoto, kulia, kushoto. Maana yake asante. Kornelio anaipenda sana hii. Wakati mwingine anapita gari ambalo hakuwa na haja ya kulipita, ili ashukuru tu.

Lakini ile desturi yetu ya kumwonyesha wa nyuma, indiketa ya kulia asipite, ya kushoto apite, huku haipo. Indiketa huku ina neno moja tu: nahamia upande huu. Kornelio alijisahau siku moja, akamwashia mtu akimkaribisha apite. Yule akadhani lori linamjia, akakanyaga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Tulipofika maegesho alikuja kutufokea kwa Kijerumani, na Kornelio akawa anamjibu kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Samahani kaka, kwetu nilikuwa nakutendea wema."

Anakusalimu. Anasema chai ya gesti kwako haina mfano.

Mdogo wako,
Elius

*

Makambako
15 Oktoba 2023

Elius mdogo wangu,

Barua yako imefika kwa kuchelewa, imekunjwakunjwa, lakini yote inasomeka. Nilimsomea Mama nilipokwenda Njombe Jumapili baada ya ibada. Alicheka pale kwa Kornelio, kisha akauliza kama kwenye hilo lori mna blanketi. Goti lake ni lilelile. Parachichi zimebeba vizuri mwaka huu, na Mama anapanda ngazi kuzikagua, kwa hiyo usiniulize tena habari za goti. Brightness anaanza mtihani mwezi ujao, anakesha na vitabu, amekonda. Tangi limezibwa.

Gesti imejaa. Huu ni msimu wa wanunuzi wa mahindi, na malori ya Zambia yanalala mpaka barabarani.

Jambo lenyewe ni Praygod. Amepata wakala Dar es Salaam. Ameshapima afya, ameshafanya mtihani wa udereva wa semitrela, amejaza kila kitu, na kampuni ni hiyo hiyo yenu. Anasema kufikia Aprili au Mei atakuwa huko. Mwenye Canter ameshaambiwa atafute dereva mwingine. Anatazama mpira mzima kwenye televisheni yangu, asikumbuke nani amefunga. Akili yake iko huko.

Amekupigia mara kadhaa kukuuliza, na wewe unamwambia "tutaongea." Mnaongea lini? Mimi sijui barabara za huko. Wewe unazijua. Kwa hiyo nakuuliza mimi, kwa karatasi: aje au asije? Sihitaji hotuba. Neno moja linatosha.

Msalimie Kornelio. Mwambie yule mama wa vitumbua wa stendi bado anamuulizia.

Dada yako,
Feliciana

*

Polandi
3 Desemba 2023

Dada,

Nimepata barua yako. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Mpe Brightness hongera kwa kumaliza mtihani.

Huku theluji imeanza kuanguka. Ni nyepesi, ikigusa kioo inayeyuka. Saa tisa alasiri kumeshaanza kuwa giza. Kazi inaendelea. Barabara ni barabara tu.

Ya Praygod nimeyasikia. Nitaandika vizuri nikitulia.

Krismasi njema kwa wote. Mwambie Mama nina blanketi.

Elius

*

Makambako
21 Januari 2024

Elius,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umezeeka tayari. Krismasi tuliila Njombe, Mama alichinja kuku wawili, kwaya ya vijana ikaimba mpaka mvua ikawatawanya. Mahindi yamesimama vizuri.

Sasa nisikilize. Jumanne iliyopita jioni aliingia gesti mama mmoja na kikapu cha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kukausha. Nguo zimelowa, amepanda basi tangu Manda, akabadilisha Ludewa, akabadilisha Njombe. Nikampa kiti karibu na jiko. Akasema, "Mimi ni mama yake Kornelio. Mwanangu aliniambia, siku nikipotelewa naye, nije kwa Feliciana wa Makambako."

Elius, Kornelio alikuwa akimpigia mama yake kila Jumamosi. Amesimulia mwenyewe: Jumamosi anaacha biashara ya samaki mapema, anapanda kwenye kile kilima cha shule ili mtandao ushike. Tangu Novemba anapanda kile kilima na simu haiiti. Akipiga yeye, yule dada wa kwenye simu anamwambia namba haipatikani.

Nilikupigia mbele yake. Ukapokea. Nikakuuliza Kornelio yuko wapi. Ukasema, "Yupo, dada, yuko safari za Hispania, nipo kwenye foleni nitakupigia." Kisha mtandao ukakatika, kama kawaida yake.

Mdogo wangu, nimelaza madereva katika nyumba hii tangu Brightness hajazaliwa. Naijua sauti ya injini, na naijua sauti ya mtu aliyekaa kitandani. Wewe hukuwa kwenye foleni.

Yule mama alinitazama usoni nilipokata simu. Nikamwambia ulichosema. Akasema, "Hispania ni mbali?" Nikasema ni mbali. Akalala siku mbili, akanisaidia kumenya viazi, hakulalamika hata kidogo. Alipoondoka aliniachia usipa wote, akakataa kuchukua chochote ila nauli ya kutoka Njombe kwenda Ludewa, na hiyo nilimlazimisha.

Barua yako ya Septemba ilijaa taa na vicheko. Ya Desemba imejaa theluji. Kornelio hayumo, Praygod hana jibu. Kuna nini?

Feliciana

*

Polandi
25 Februari 2024

Dada Feliciana,

Shikamoo. Nimesikitika kusikia yule mama alisafiri umbali wote huo kwenye mvua. Mwambie Kornelio yupo na anamsalimu. Simu yake iliharibika. Hajapata nyingine. Akipata atapiga.

Mimi ni mzima. Nimeanza kuendesha tena safari fupi, za ndani ya Polandi. Napenda hizi fupi. Jana nilipita lori moja likaniwashia taa kuniambia nimeshalipita, nikasahau kushukuru, nikalikumbuka jambo hilo mpaka nilipofika.

Kuhusu Praygod, mwambie asubiri kidogo. Asiache kazi ya Canter. Asiulize kwa nini, asubiri tu. Labda mwaka kesho. Mwambie huku kuna baridi kali sana.

Usinigombeze dada. Kuna mambo si yangu ya kusema.

Elius

*

Makambako
17 Machi 2024

Elius,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sijaielewa vizuri, lakini nimeelewa unayoyaficha yana uzito gani.

Umeandika, "nimeanza kuendesha tena." Nani aliyeniambia kwamba uliacha?

Umeandika, mwambie Praygod kuna baridi. Kijana aliyezaliwa Njombe, aliyekwenda shule akikanyaga umande wa Juni bila viatu, nimwambie aogope baridi. Nilimwambia. Alicheka. Akasema, "Dada, kaka Elius ameshapata, sasa anataka kufunga mlango nyuma yake." Hayo ndiyo matunda ya kunyamaza kwako: mdogo wako anakuona mchoyo. Ameshapata tarehe. Ndege ni tarehe kumi Mei. Canter ameirudisha, funguo amekabidhi. Sasa anazunguka hapa uani kwangu, anafua suruali ambazo hazijachafuka.

Na mama yake Kornelio amempa dereva wa basi ujumbe mara mbili. Hauna maneno mengi. Anauliza, "Amesharudi kutoka Hispania?"

Sina shule ya barabara, lakini nimewasikiliza madereva wangu mezani miaka yote hii, na kuna jambo moja wanalikubali wote, wa Zambia, wa Kongo, wa Dar. Ukiwa na lori mbele kwenye mlima, wewe unaona kinachokuja. Wa nyuma yako haoni kitu, anaona mgongo wako tu. Basi unamwonyesha. Kama huoni vizuri, umwonyeshe hivyo hivyo kwamba asipite. Wanachokilaani ni yule asiyewasha kitu chochote, anayemwacha mwenzake akisie. Umeniambia huko hamna desturi hiyo. Sawa. Lakini wewe si wa huko. Wewe uko mbele ya Praygod, na yeye yuko karibu kutoka kuja kukupita, na mimi nimekaa pembeni yake.

Kama si mambo yako ya kusema, mwambie mwenye nayo ayaseme. Kama Kornelio amefungwa, sema amefungwa. Kama amekufa, mama yake ana haki ya kulia. Sitakuuliza tena baada ya hapa, nitakuja kujua kwa njia nyingine, na hiyo itatuharibia undugu.

Mama hajui lolote. Nimemwambia uko salama. Usinifanye mwongo.

Feliciana

*

Ujerumani
14 Aprili 2024

Dada yangu,

Barua hii naiweka posta, lakini pia naipiga picha na kumtumia Brightness kwenye simu yake, maana tarehe kumi Mei haiko mbali na posta haina haraka. Uisome kwanza peke yako.

Kornelio yuko hai. Yuko hospitali hapa Ujerumani, nimekaa pembeni ya kitanda chake sasa hivi ninapoandika. Miguu yake haifanyi kazi. Uti wa mgongo uliumia. Madaktari wanasema haitarudi.

Ilikuwa Novemba, asubuhi. Tulikuwa tumebeba vigae, mzigo mmoja malori mawili, yeye mbele mimi nyuma. Ukungu ukashuka, ule hasa wa kule kwetu Mtwango, wa kutoona mbele ya boneti yako. Kornelio akaniambia redioni, "Leo tumerudi nyumbani." Alikuwa na furaha.

Unajua kwetu tunavyofanya ukungu ukishuka. Tunawasha indiketa zote mbili ziwake pamoja, tunaendelea kutembea polepole. Wa nyuma akiziona anajua kuna mwenzake mbele, anazifuata. Tumepanda na kushuka hivyo kati ya Njombe na Makambako tangu tukiwa matingo, hatujapewa usukani. Huku taa hizo kwenye barabara kubwa zina maana nyingine: mbele pamesimama, simama na wewe. Kulikuwa na foleni. Lori la mwisho lilikuwa limesimama kabisa, na dereva wake amewasha zote mbili, kama inavyotakiwa. Kornelio aliziona. Ameniambia mwenyewe, aliziona mapema. Akadhani ni mwenzake anatembea. Akapunguza mwendo kidogo, akamfuata.

Nami niliziona, dada. Nilizisoma vilevile alivyozisoma yeye. Kilichoniokoa ni kwamba nilimwona yeye akigonga.

Nilishuka nikakimbia. Mama mmoja aliyekuwa kwenye gari dogo akanivuta mkono, akanivusha upande wa pili wa chuma cha pembeni, ananipigia kelele. Nilidhani ananizuia nisimsaidie rafiki yangu. Kumbe alijua wengine wanaweza kuja kwenye ukungu ule ule na kunisaga. Halafu nikaona kitu ambacho sijakiona maishani. Bila trafiki, bila mtu kuamuru, magari yote ya njia ya kushoto yalijibana kushoto, ya kulia yakajibana kulia, katikati pakabaki njia tupu, nyeupe kwa ukungu, na gari la wagonjwa likapita humo moja kwa moja hadi kwa Kornelio. Kwetu tungekuwa tumeshajaa pale wote, malori yamepandana pande zote mbili, kila mtu anataka kuona. Daktari aliniambia baadaye, ule muda ndio uliomwacha hai. Basi ninazo zote mbili kichwani, taa zilizomvunja na njia iliyomwokoa, na zote ni desturi zao, na hakuna aliyetufundisha hata moja. Kampuni ilitufundisha kufunga mzigo na kujaza karatasi. Taa walidhani tunazijua, na sisi tulidhani hivyo hivyo.

Kisha nilishindwa kuendesha. Ulisikia sawasawa, nilikuwa kitandani. Ofisini waliniambia nisizungumze na mtu mpaka uchunguzi uishe. Hilo lisingenizuia kwako. Kilichonizuia ni Kornelio. Alipozinduka baada ya upasuaji, neno la kwanza lilikuwa, "Usimwambie mama mpaka nisimame." Nikaapa. Nilidhani ni jambo la wiki. Simu yake ilivunjika, akakataa nimnunulie nyingine. Na Praygod nilishindwa kumwambia asije, kwa sababu nikisema asije ataniuliza kwa nini, na hiyo sababu ndiyo niliyoapa nisiiseme.

Jana nilikuja na barua yako. Nikamsomea yote. Nilipofika pale mama yake anapouliza kama amerudi kutoka Hispania, aligeuza uso ukutani. Nikamwambia, "Kornelio, hutasimama." Hakuna aliyewahi kumwambia kwa Kiswahili.

Akasema, "Najua."

Nikasema, "Basi tunamsubirisha mama kitu gani?"

Muuguzi akaingia, akatoka. Halafu Kornelio akasema, "Mwambie dada Feliciana amwambie. Lakini asisikie kwenye simu. Mtu aende Manda."

Dada, nakuomba uende wewe.

Kuhusu Praygod, kampuni hii asije. Hilo ndilo neno moja uliloliomba Oktoba. Kwa nyingine sijui. Akija atafute watakaomfundisha kabla ya kumpa funguo. Mwonyeshe barua hii. Mwambie sikuwa nafunga mlango.

Elius

*

Makambako
26 Mei 2024

Elius mdogo wangu,

Mama anakusalimu, sasa anajua yote. Akasema tusali, tukasali. Brightness amepata nafasi ya kidato cha tano, shule ya kanisa Iringa, ameondoka na ndoo mpya. Nakuandikia tena ingawa tumeongea kwenye simu, kwa sababu kuna mambo ambayo nilishindwa kukusimulia pale bila kulia.

Nilimwonyesha Praygod barua yako asubuhi ileile ilipoingia kwenye simu ya Brightness. Aliisoma amesimama uani. Akaenda kuazima gari kwa jirani, akarudi, akasema, "Dada, panda, twende Manda." Aliendesha njia nzima. Ukungu ulitukuta tulipokaribia Njombe, akanyoosha mkono kuwasha zile taa kwa mazoea, mkono ukabaki hapohapo. Kisha akaziwasha. Akasema, "Huku ni kwetu."

Tulimkuta yule mama anaanua usipa. Alituona tunashuka kwenye gari, akaendelea kuanua mpaka akamaliza, akafunika kwa wavu, akanawa mikono, ndipo akatukaribisha ndani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Makambako. Yote yalinipotea. Nikamwambia tu kama ulivyoandika: yuko hai, miguu haifanyi kazi, haitarudi.

Akauliza, "Kichwa chake?"

Nikasema kichwa ni kizima, anaongea, anakumbuka kila kitu.

Akakaa. Akasema, "Mimi nilijua yuko hai. Aliyefiwa huletewa matanga. Mimi sikuletewa matanga wala mtoto. Nikasema, basi huyu yuko mahali anaona aibu." Kisha akalia, Elius, lakini si kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyelia sana, Praygod akatoka nje.

Tukapanda kilima cha shule, maana chini mtandao haushiki. Ndipo nikakupigia wewe, nawe ukampa Kornelio simu. Wewe ulisikia upande wa Kornelio, mimi nikuambie wa huku. Kornelio alipoanza kulia na kusema, "Mama nisamehe, sikutaka unione hivi," mama yake aliishika simu kwa mikono miwili kama anashika bakuli la uji wa moto. Akamwuliza, "Unakula?" Akamwuliza tena, "Unakula, Kornelio?" Nadhani alisema anakula. Ndipo akamwambia yale maneno, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Nilikubeba hujajua kutembea. Sikumbuki kama ulinilemea. Njoo."

Watoto wa shule walikuwa wamesimama kwa mbali wanatutazama.

Praygod hajaenda. Alimpigia wakala, akamuuliza kama kampuni itamfundisha taa na sheria za huko kabla ya kumwingiza barabarani. Wakala akamjibu, utajifunza ukiwa njiani. Praygod akamwambia amrudishie pasipoti yake. Lakini usidhani ametulia. Anazunguka uani kama zamani, anapiga simu kwa watu nisiowajua, amepata kitabu cha alama za barabarani za Ulaya na anakariri kwa sauti, wageni wangu wanalalamika. Ataondoka siku moja, namwona. Sitamzuia. Amesema nikuambie hakukuona mchoyo, ni hasira tu. Mimi nilimsikia vizuri alichosema wakati ule, lakini naona ni afadhali uamini hivi.

Sasa umesema Juni mnakuja, wewe na Kornelio. Kutoka Dar hadi Manda ni mbali kwa mtu aliyetoka hospitali, atalala hapa kwangu mpaka apate nguvu ya kushuka ziwani, na mama yake atakuja kumpokea hapahapa. Chumba cha chini, kile karibu na bomba, nimemhamisha mgeni wake. Nilipima mlango kwa mkanda, nikapima na kiti cha magurudumu cha kanisani, kiti hakipiti. Nimemwita fundi Lameki. Anabomoa tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai ya wageni, na Praygod anambebea matofali. Ukuta ule ni mgumu kuliko tulivyofikiri. Fundi anasema kesho jioni utakuwa umefunguka.

Dada yako,
Feliciana